Kopo Moja la Huruma

Pale maabara walimwita Mama Kopo, na jina hilo hakulichukia. Wenzake walibandikwa mabaya zaidi. Kazi yake ilikuwa kopo, basi. Kila asubuhi saa moja na robo alifunua mabeseni sita yaliyopangwa juu ya meza ndefu, akafyonza uchafu wa chini kwa bomba la sindano, akatia vipande vya mchicha uliochemshwa, kisha akafanya lile jambo lililomkata maini: aliteka kopo moja la maji katika kila beseni la upande wa kushoto, akayamwaga kwenye sinki.

Mabeseni ya kulia yalibandikwa karatasi iliyoandikwa NEEMA. Ya kushoto, KIANGAZI. Kila beseni lilikuwa na viluwiluwi ishirini, ndugu wa mama mmoja, waliotenganishwa tangu wachanga ili wale wa kulia waogelee kwa raha na hawa wa kushoto waone dunia yao inakauka.

"Kiluwiluwi akiona maji yanapungua," Daktari alimweleza siku ya kwanza, "mwili wake unapiga kengele. Kengele yenyewe ni homoni. Zile homoni za msongo zinaiamsha tezi ya shingoni, na tezi nayo inatoa amri: miguu iote, mkia unywewe na mwili, tutoke humu kabla hatujafa! Anakuwa chura mbio mbio. Ila anatoka mdogo, Mama Kopo. Mdogo sana. Amekimbia kabla hajashiba."

"Na akitishwa akiwa mchanga kabisa, hata dalili ya mguu hana?"

Daktari alimtazama kwa miwani ya machoni, kisha akashusha ile ya kichwani akamtazama tena. "Swali zuri. Hapo anadumaa. Hakui, wala habadiliki. Kwa hiyo tumengoja mpaka vinundu vya miguu vionekane. Kila kitu na wakati wake."

Hayo aliyasema kwa kunong'ona, tena akiwa amevaa soksi tupu, kwa sababu ndani ya chumba kile hakuna aliyeruhusiwa viatu wala sauti. Amri nyingine ilikuwa kwamba asifunue beseni mtu yeyote ila Mama Kopo. Kwa kiluwiluwi, Daktari alisema, kila uso mgeni ni ndege aliyekuja kula. Yeye mwenyewe hakuwahi kuchungulia. Kila Ijumaa aliletewa viluwiluwi watatu kutoka kila beseni, ndani ya bakuli jeupe, akawapima mezani kwake.

Lakini Daktari huyo huyo, akishavuka mlango na kuvaa viatu, ungemsikia kutoka getini. "Ripoti iko wapi? Nani kakalia kalamu yangu? Haraka, jamani, haraka!" Bwana Vipimo, fundi wa maabara, alikuwa akisema kwamba Daktari angezaliwa kiluwiluwi angeota miguu siku hiyo hiyo ya kutoka kwenye yai.

Bwana Vipimo naye alikuwa na lake. Maji ya bomba yana dawa, na dawa hiyo huua viluwiluwi, kwa hiyo lazima yalale siku mbili ndani ya pipa kubwa la buluu kabla ya kutumika. Pipa lilikuwa na kufuli. Ufunguo wa kufuli ulining'inia shingoni mwa Bwana Vipimo kwa uzi mweusi, mwaka wa ishirini sasa. Kumwomba kopo la maji yaliyolala ilikuwa kama kumwomba figo.

Nyumbani kwa Mama Kopo kulikuwa na msongo wa aina nyingine. Binti yake, waliyemwita Kibonge, alikuwa ametimiza mwaka na miezi mitatu na alikuwa hajatembea. Alikaa. Alikaa vizuri, mgongo wima, mikono juu ya mapaja, kama mwenyekiti anayengoja akidi itimie. Mume wa Mama Kopo, fundi wa kuchomelea, alisema mtoto anafikiri. Mama mkwe, aliyeishi nao na kumlea mjukuu mchana, alisema mtoto anawadharau.

"Inuka!" Asubuhi ile ya Alhamisi mama mkwe alikuwa amesimama upande wa pili wa sebule, akipiga makofi na kutikisa kijiko. "Inuka, mwanamke wewe! Mjukuu wa jirani ana miezi kumi na moja, anakwenda mpaka getini na kurudi! Njoo! Njoo uchukue kijiko!"

Kibonge alikitazama kijiko. Akamtazama bibi. Akacheka, meno manne yote nje, akabaki palepale.

"Mama, mwache tu," alisema Mama Kopo huku akifunga mkoba. "Atatembea wakati wake ukifika."

"Wakati wake upi? Ameuweka wapi? Ngoja ngoja huumiza matumbo, mwanangu."

"Haraka haraka nayo haina baraka, mama."

"Chelewa chelewa utakuta mwana si wako."

Mama Kopo akaona kwa methali hamwezi, akaingia kwenye sayansi. "Kule kazini Daktari anasema, mdogo akitishwa kabla ya wakati, mwili unatoa homoni, na homoni zikizidi..."

"Homoni ndiye nani?" Mama mkwe aliweka kijiko chini. "Mimi nimelea watoto sita ndani ya nyumba hii. Huyo Homoni sikumwona hata siku moja akipita hapa."

Alifika kazini bado anajibizana na mama mkwe moyoni. Akafunua Kiangazi la kwanza. Maji yalikuwa yameshuka vidole vitatu kutoka mstari wa juu, na katikati yake alikuwapo kiluwiluwi mmoja mnene kuliko wenzake, amejiegesha ukingoni, hafanyi lolote, vinundu viwili vya miguu vimejitokeza nyuma kama chunusi. Alimwangalia Mama Kopo kwa utulivu wa mwenyekiti.

"Ee, Kibonge wangu," alinong'ona Mama Kopo.

Akateka kopo, akalimwaga, kama alivyoagizwa. Akajaza fomu ya Daktari, kama alivyoagizwa. Lakini jioni, saa kumi na moja, alipopita kuwalisha kabla ya kukimbilia darasa lake la jioni, mkono ulimgomea. Pipa lilikuwa na kufuli. Maji ya bomba yangewaua. Akageuka kulia, akawaona Neema wamejaa maji mpaka shingoni. Mwenye nacho akipunguziwa kopo moja, si hata hasikii? Akateka kopo moja moja Neema, akamimina Kiangazi. Yule mnene alitikisa mkia. Mama Kopo akaenda darasani akiwa mwepesi kama aliyetua gunia.

Kesho yake akarudia. Kesho kutwa pia.

Hakujiona mwongo. Fomu ya Daktari ilikuwa na safu moja tu, ya kopo lililotoka. Ya kopo lililorudi haikuwapo. Angeandika wapi? Hata hivyo, mwalimu wao wa biolojia wa jioni, mzee mwenye kikohozi na koti moja, alikuwa amewaambia kwamba jambo lisiloandikwa halikutokea, na Mama Kopo alikuwa mwanafunzi wa kushika neno. Basi akanunua daftari dogo la jalada la kijani, akalitia mkobani pamoja na nepi za Kibonge, akaandika kila kitu: tarehe, saa, beseni gani limetoa, beseni gani limepokea. Siri yake aliitunza kwa wino, kwa mwandiko mzuri, kichwa cha kila ukurasa kikiwa kimepigiwa mstari kwa rula.

Tatizo la jicho la huruma ni kwamba huona upande mmoja. Wiki mbili Mama Kopo alitazama kushoto tu. Kulia alipeleka kopo, hakupeleka macho. Alipoona Neema wameanza kuota miguu ya nyuma, halafu ya mbele, alifurahi. "Mtu ukishiba lazima uendelee," aliwaambia.

Ijumaa ya tatu aliwapeleka viluwiluwi mezani kwa Daktari, bakuli baada ya bakuli, kwa moyo wa matumaini. Na alikuwa na sababu. Juu ya meza ile ile, chini ya jiwe la kuzuia karatasi, palikuwa na barua yake. Barua ya kumpendekeza chuo cha mafundi wa maabara, masomo ya mchana, kiti na meza vya watu wazima, si vile viti vya watoto wa shule ya msingi alivyokalia jioni miaka mitatu, magoti yakigusa kidevu, wakati mwingine Kibonge kalala kifuani. Barua ilikuwa imeshatiwa sahihi. Ilibaki muhuri. Na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa saa kumi jioni hiyo hiyo.

Daktari aliinama juu ya bakuli la Neema. Akainuka. Akabadili miwani. Akainama tena.

"Hapana," alisema.

Kwenye bakuli la Neema la pili palikuwa na chura. Si kiluwiluwi. Chura kamili, hana hata kisiki cha mkia, amekaa juu ya kipande cha mchicha, mdogo kama punje ya haragwe. Wenzake wawili walikuwa na miguu minne na mikia inayoishia. Kwenye mabakuli ya Kiangazi waliogelea viluwiluwi wanene, matumbo yanang'aa, mikia mirefu, hawana haraka na mtu.

"Hapana, hapana, hapana! Wa Kiangazi ndio walitakiwa kukimbia! Hawa wa Kiangazi wako likizo!" Viatu vilikuwa mguuni, kwa hiyo jengo zima lilisikia. "Na Neema wamekimbizwa na nani? Wana maji mpaka juu! Kitu gani kimewatisha?" Kidole kikasimama hewani. "Maji. Maji yenyewe. Bwana Vipimo!"

Bwana Vipimo aliingia na fimbo yake ya kupimia pipa.

"Maji uliyojaza Neema siku ya kwanza, yalilala siku ngapi?"

"Mbili, Daktari. Kama siku zote."

"Haiwezekani. Umejaza maji yenye dawa. Umewatia msongo viluwiluwi wangu, na Jumatatu mkuu wa idara anakuja kuona matokeo! Nitamwambia nini? Leta ufunguo."

"Daktari, miaka ishirini..."

"Ufunguo."

Bwana Vipimo aliuinua uzi mweusi juu ya kichwa chake polepole. Ulikwama sikioni. Akauondoa sikioni. Shingo yake ilibaki na alama nyeupe mahali uzi ulipokuwa, na bila ule ufunguo alionekana kama mtu aliyesahau kuvaa shati. Akauweka mezani, akasimama anaiangalia fimbo yake.

Daktari, kwa hasira, alianza kumaliza kazi za mezani. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Akikasirika, hupiga mihuri. Fomu ya sabuni, pwaa! Likizo ya mtu, pwaa! Akaivuta barua ya Mama Kopo, akauinua muhuri.

Mama Kopo aliuona muhuri uko hewani. Sekunde mbili tu. Anyamaze sekunde mbili, muhuri utue, akimbie chuoni, halafu Jumatatu arudi kusema. Au asiseme. Nani angejua? Vyura hawana mdomo wa kusema. Lakini kando yake palikuwa na mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, shingo tupu, anasafisha koo kila mara.

"Daktari, subiri."

"Nini?"

"Bwana Vipimo hana kosa. Maji ya Neema niliyapunguza mimi."

Muhuri ulibaki hewani.

"Ulifanya nini?"

"Nilikuwa nawapa Kiangazi. Kopo moja moja. Jioni." Sauti yake ilizidi kupungua kama maji yenyewe. "Niliwaonea huruma."

Bwana Vipimo alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Daktari naye alikaa.

"Kila siku?"

"Isipokuwa Jumapili. Jumapili sifiki."

"Kwa hiyo kule Kiangazi asubuhi linatoka kopo, jioni linaingia kopo. Hakujawahi kuwa na kiangazi. Na Neema kopo moja linakwenda kila siku, halirudi." Daktari alishika kichwa, akakutana na miwani, akaiacha hapo. "Mama Kopo. Umeniharibia jaribio. Bila kujua ni makopo mangapi, siku zipi, beseni lipi, hii takataka siwezi hata..."

"Ninajua," alisema Mama Kopo.

Akatoa daftari la kijani mkobani. Nepi moja ilitoka nalo, akairudisha.

Daktari alifungua ukurasa wa kwanza. Akafungua wa pili. Akachukua kalamu na karatasi ya miraba, akaanza kuweka nukta, moja baada ya nyingine, midomo ikicheza. Kwa mara ya kwanza akiwa na viatu, alinong'ona.

"Neema la pili. Hapa tarehe tisa limetoa makopo mawili. Kwa nini?"

"Siku hiyo nilikuwa na huzuni, Daktari. Mama mkwe alisema mtoto wangu atatembea siku ya harusi yake."

"Tarehe kumi na tatu pia mawili."

"Alirudia."

Bwana Vipimo alikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

"Na Neema la pili," Daktari alisema taratibu, akivuta mstari kwenye nukta zake, "ndilo lililonipa chura." Aligeuza ile karatasi wote wawili waione. Kadiri maji yalivyopungua, ndivyo miguu ilivyowahi. Nukta zilipanda kama ngazi. "Mnaona? Viluwiluwi hawajui kusoma. Sisi tumewabandikia neema kwa kalamu, wao wamesoma maji."

Mama Kopo hakuitazama karatasi. Alikuwa anamtazama yule chura wa punje ya haragwe, aliyeharakishwa kwa mkono wake mwenyewe, siku zile zile alipokuwa akijiona ana huruma. "Atakua?" aliuliza. "Huyu mdogo."

"Akipata chakula, atakua. Ila ameanzia nyuma." Daktari akaichukua barua ya chuo, akaisoma toka juu mpaka chini, akaipasua vipande viwili.

Bwana Vipimo alinyanyuka. "Daktari, na wewe! Si amesema mwenyewe?"

"Barua hii inasema yeye ni mtiifu," alisema Daktari, tayari amevuta karatasi nyingine. "Siwezi kupiga muhuri juu ya uongo." Akaandika kwa kasi yake ile ya kutisha, akiyasoma maneno kadiri yanavyotoka. "Mwombaji si mtiifu kikamilifu. Ana moyo mwepesi, na moyo huo unahitaji kusimamiwa. Lakini huandika kila anachokifanya, hata kile kinachomshitaki, na maabara yangu haijapata mtu wa namna hiyo, nikiwemo mimi." Sahihi. Pwaa! "Saa ngapi sasa?"

"Saa tisa na nusu."

"Basi unangoja nini? Haraka!"

Alikimbia. Nyuma yake alimsikia Bwana Vipimo akidai ufunguo wake, na kuombwa radhi, na kuombwa radhi kwa sauti ile ile iliyotumika kumtukana. Kisha Bwana Vipimo akapaza sauti mpaka kwenye ngazi: "Na wewe, mdogo wangu! Hata ukifa kwa kiu, langu hilo pipa hulionji!"

Alifika chuoni zikiwa zimebaki dakika sita. Karani aliisoma barua mara mbili, akamtazama, akaipokea.

Nyumbani alimkuta mama mkwe yuko upande wa pili wa sebule na kijiko, na Kibonge amekaa. Mama Kopo akaketi sakafuni, akasimulia yote, na kwa kidole gumba akaonyesha ukubwa wa yule chura.

"Kadogo hivyo?" mama mkwe aliuliza.

"Hivyo, mama."

"Kwa kukimbizwa tu?"

"Kwa kukimbizwa tu."

Mama mkwe alifikiri. Akakitazama kijiko. Kisha akaja polepole, kwa miguu yake mwenyewe, akampa mjukuu kile kijiko mkononi.

"Kaa, mjukuu wangu," alisema. "Lakini usizoee."

Mkuu wa idara aliona nukta, akazipenda, akasema warudie, safari hii kwa makusudi. Mayai mapya yakaanguliwa, vinundu vikangojwa. Daktari alichapisha fomu mpya yenye safu mbili, limetoka na limeingia, "kwa sababu," alisema, "nawajua watu wangu." Mama Kopo aliapa. Majibu ya chuo yalikuwa bado, na kila asubuhi alipokuwa akimwaga lile kopo kwenye sinki aliuma midomo, akaandika, akafunika.

Asubuhi ya siku ya tano alifika mapema kuliko kawaida. Akavua viatu mlangoni, akasukuma mlango taratibu.

Daktari alikuwa ameinama juu ya Kiangazi la kwanza, kifuniko kimefunuliwa, miwani zote mbili usoni. Mkononi alikuwa na kopo. Pembeni ya ukuta, Bwana Vipimo alikuwa anaangalia dari kwa umakini mkubwa, na pipa lilikuwa wazi.

Tone moja likaanguka.

Mama Kopo alikwenda mezani, akaivuta fomu, akachomoa kalamu kwenye nywele zake.

"Kopo moja," alisema kwa kunong'ona. "Saa kumi na mbili na dakika hamsini. Limetoka au limeingia, Daktari?"

Daktari aliangalia soksi zake.

"Andika ukweli," alisema. "Limeingia."